Minazi ya Mau Narok

Kitabu kilifika karakanani ndani ya sanduku la matambara. Memsaab mmoja mwenye shamba la ngano na pareto huko Mau Narok alikuwa na desturi, kila alipoteremka Nakuru kuchukua vibao vya shamba lake, kutuletea nguo kuukuu na magazeti ya zamani tufutie brashi. Chini kabisa ya sanduku, katikati ya magazeti ya ufugaji, palikuwa na kitabu kikubwa cha picha, jalada limeng'oka na pembe moja imeliwa na panya. Nilikitoa kabla mwenzangu wa kazi hajakichana. Nalieleza hili mwanzoni ili ijulikane kwamba kitabu sikukiiba, kwa sababu baadaye niliitwa mwizi, na kilichosemwa nimeiba hakikuwa kitabu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, na mtu hakusafiri hata maili kumi bila karatasi mfukoni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Karakana ilikuwa nyuma ya reli, mali ya Kalasinga mzee aliyeunda mabodi ya malori. Yeye na wanawe walikata mbao na mabati. Sisi wawili wa nyuma tuliandika na kuchora: mimi, pamoja na mwenzangu, mtu mzima kutoka Nyanza ambaye alikuwa akiandika majina ya maduka tangu kabla ya vita. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha huchorwa kwanza kwenye karatasi ngumu. Mstari wake hutobolewa kwa sindano, tundu baada ya tundu, mpaka karatasi nzima iwe kama chujio. Huwekwa juu ya ubao, ikapigwapigwa kwa kifuko cha vumbi la makaa. Ukiiondoa, picha imebaki ubaoni kwa nukta. Hapo unazungusha mstari mweusi, kisha unajaza rangi bapa: nyekundu ni nyekundu, manjano ni manjano, hakuna kivuli. Lori linapita upesi, na aliye kando ya barabara lazima alitambue kabla vumbi halijamfunika. Watu walituita mafundi wa vibao, na neno kuchora walilihifadhi kwa ajili ya watu wengine.

Kitabu nilikisoma kwa utaratibu, saa ya chakula cha mchana, ukurasa mmoja kwa siku, kamusi upande wa kushoto na daftari upande wa kulia. Neno nisilolijua niliandika pamoja na maana yake na sentensi nilimolikuta. Nilikuwa nimeishia darasa la nane, kwa hiyo kurasa nyingine zilichukua siku tatu. Nilipofika mwisho nilianza upya.

Kilihusu wachoraji wa Ufaransa wa mwisho wa karne iliyopita. Kabla yao walikuwapo wengine waliokimbizana na mwanga: jua la saa nne juu ya maji lilikuwa picha moja, na la saa tano picha nyingine. Hawa wa kitabu changu walikuja nyuma yao na hawakutosheka. Walitaka picha iwe na mifupa, isimame yenyewe, na rangi iseme anachohisi mtu, si kile tu ambacho jicho limeokota. Hawakuwa chama. Jina la pamoja walipewa na mtu mwingine, wengi wao wakiwa wamekwisha kuzikwa. Mmoja alikuwa mzee mkaidi aliyeuchora mlima uleule wa kwao miaka na miaka, akiujenga kwa vipande vya rangi kama mwashi. Mwingine aliweka nukta za rangi safi bega kwa bega, ili jicho la mtazamaji lizichanganye lenyewe. Mholanzi mmoja alichora ukumbi wa pombe kwa nyekundu na kijani zinazogombana, uone mahali ambapo mtu anaweza kupotelewa na akili. Na mmoja aliacha kazi yake ya mjini, mke na watoto watano, akaenda kuishi visiwa vya mbali, akichora watu wa huko kwa mstari mzito na rangi bapa.

Mwenzangu alipoiona picha ya huyu wa mwisho aliweka brashi chini.

"Huyu alikuwa mwandika vibao," alisema.

"Alikuwa mtu wa biashara kubwa, mzee. Kitabu kinasema."

"Biashara gani. Tazama mstari. Amezungusha, akajaza. Huyo Kalasinga wake alimfukuza kwa kuchelewa, akaenda zake visiwani."

Baadaye nilisoma mengine juu ya mtu huyo, na wasichana wadogo aliojichukulia huko, na siku hizi siwezi kuzitazama picha zake bila kukunja uso. Lakini siku ile tulizitazama kama mafundi. Kitu ambacho mjini Nakuru kiliitwa upakaji wa malori kilikuwa humo kitabuni, kimechapwa kwa karatasi nzito, na kimeitwa ukuu.

Kulikuwa na sura moja niliyoipigia mstari karibu yote. Ilieleza walikojifunzia. Walijifunza kwa picha za Wajapani, ambazo nyingine zilifika Ulaya kama karatasi za kufungia bidhaa. Walijifunza kwa vioo vya makanisa ya zamani na kwa michongo ya watu wa visiwani. Na vijana waliowafuata, mwanzoni mwa karne hii, walijifunza kwa vinyago vya Afrika vilivyokuwa vimepelekwa kwao kwa njia mbalimbali, kitabu hakikusema njia gani. Mwandishi alisifu jambo hilo. Mtu mkubwa, alisema, huchukua popote anapoona. Nilinakili maneno hayo nikiamini kwamba yalikuwa yanamhusu mtu yeyote.

Sasa nieleze nilichokitaka. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, kulikuwa na chuo kilichofundisha uchoraji. Kwa kawaida kilitaka cheti ambacho mimi sikuwa nacho. Lakini ilijulikana kwamba mkuu wa mafunzo hayo humchukua mtu mmoja au wawili wasio na cheti, iwapo ameandikiwa barua na mtu anayemwamini. Memsaab wetu alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa mkubwa wa chama cha Wazungu wachoraji, na kila mwaka walifanya maonyesho katika ukumbi mmoja mjini, na pembe moja, karibu na meza ya chai, iliwekwa kwa ajili ya kazi za Waafrika. Alikuwa ameuona mkono wangu kwenye vibao vyake. Aliniambia nilete picha moja. Ikiwa nzuri, ataandika barua. Kwa mtu wa darasa la nane hapakuwa na mlango mwingine. Sikutaka zawadi wala sifa. Nilitaka barua ile.

Mama yangu alichuma pareto kwenye shamba la memsaab huyohuyo. Nilipanda kwenda kumwona Jumapili nilizopata karatasi ya safari, na Jumatatu moja ya likizo nilibaki nikamfuata mashambani na daftari. Asubuhi ya Mau Narok ni baridi ya kuuma vidole. Kabla jua halijapanda, maua ya pareto, ambayo kila mtu anasema ni meupe, si meupe. Ni ya samawati. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, nilichokuwa sijakijua ni kwamba mtu ana ruhusa ya kulichora. Kitabu hakikunionyesha pareto. Kilinipa ruhusa.

Nilichora wanawake watatu mstarini, vikapu kiunoni, Mama akiwa mbele. Niliwazungushia mstari mzito wa buluu ya giza, kwa sababu hivyo ndivyo mkono wangu ulivyofundishwa. Kitambaa chake cha kichwa nilikifanya chungwa kali. Mikono yake niliifanya ya kijani na zambarau, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mikono inayochuma pareto yenye umande ina rangi hiyo. Picha ilinichukua wiki tisa. Ni kazi bora kuliko zote nilizofanya kabla yake, na nyingi nilizofanya baada yake.

Nilimpelekea memsaab Jumatatu, siku ya kupokea kazi. Alikuwa ukumbini akipima ukuta kwa utepe. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili cha walowezi, kile cha kuamrishia wapishi:

"Nani naonyesha wewe hii?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna aliyenionyesha, kwamba nilimchora mama yangu kazini. Akaendelea na Kiswahili chake.

"Hii hapana yako. Hii naiba kwa watu ya Ulaya. Wewe naona kitabu. Kitabu iko wapi?"

Nikasema, kwa Kiingereza bado, kwamba kitabu kilitoka katika sanduku lake la matambara. Alifumba macho kama mtu aliyeambiwa mtoto amekunywa mafuta ya taa.

"Mimi nafanya makosa kubwa," alisema. "Kitabu kama hii iko sumu kwa wewe. Mwafrika iko na kitu yake hapa ndani." Akajigusa tumbo. "Ngoma. Kabila. Mambo ya zamani. Yeye nakumbuka tu, yeye nachora. Kama naangalia picha ya Ulaya, hii kitu nakufa. Wewe naharibika kidogo. Bado kidogo tu. Leta ingine Ijumaa. Nyumba ya nyasi. Watu nacheza. Halafu mimi naandika barua."

Akaniomba kitabu kirudi Ijumaa hiyohiyo.

Nyuma yake, ukutani, picha yake mwenyewe ilikuwa imekwisha kutundikwa. Ilikuwa shamba la ngano la Mau Narok, rangi ya manjano imebandikwa nene kama udongo wa kukandika, mbingu ya buluu inazunguka kama maji yanayoingia tunduni, na mti mmoja mrefu mweusi ukiwaka kama mshumaa. Nilikuwa na maelezo ya kurasa mbili daftarini mwangu juu ya picha nyingine ya yule Mholanzi, ambako memsaab alikuwa ameyachukua yote: mti, mbingu na unene wa rangi. Hakuna aliyemwambia kwamba ameiba au kwamba ameharibika. Na mimi sikumwambia pia, na kunyamaza kwangu ndiko kunakoniudhi zaidi ninapoandika haya.

Kuna jingine. Mama alikuwa amefanya kazi kwenye shamba lile miaka kumi na mmoja. Memsaab alimtazama usoni pale pichani, umbo lake kubwa kama kiwiliwili cha mtoto, hatua moja tu kutoka puani mwa memsaab. Hakumtambua.

Karakanani mwenzangu alinisikiliza huku akinoa penseli.

"Mpe nyumba ya nyasi, bwana mdogo. Unajisumbua nini?"

"Nimezaliwa kwenye nyumba za mabati za shamba, mzee. Nyumba ya duara sijalala hata siku moja."

"Kwani yeye amelala?"

Akafikia kopo rafuni, akamwaga misumari yake mezani, akanipa pamoja na kifuniko chake. Lilikuwa kopo la biskuti lililoundwa Uingereza. Kifunikoni palikuwa na wachezaji wenye ngao, mpiga ngoma aliyetoa meno yote, vibanda vitatu vya duara, minazi miwili na mwezi mwekundu. Nadhani aliyeichora picha ile hakuwahi kuvuka hata mto wa kwao.

Nilipiga miraba juu ya picha ile, nikaikuza, nikatoboa karatasi, nikapiga vumbi la makaa. Mstari mweusi, rangi bapa. Kazi ya alasiri moja, kama kibao cha bucha.

"Ondoa minazi," mwenzangu alisema. "Mau Narok viazi vyenyewe vinaungua kwa baridi."

Niliiacha. Nilitaka kuona kama kuna mtu atakayeiulizia. Ijumaa nilipeleka picha pamoja na kitabu; daftari nililibakiza.

Siku ya maonyesho, Jumamosi mchana, picha yangu haikuwa pembeni karibu na chai. Ilikuwa imehamishiwa ukuta mkubwa, kando ya ngano ya memsaab. Mimi nilikuwa nimesimama bila kitu mkononi, kwa hiyo mtu alinipa trei ya vikombe, nami nikapita nayo. Ndivyo nilivyoyasikia yote. Memsaab aliwashika wageni mikono, mmoja mmoja, akiwaambia kwa Kiingereza kwamba hii ni kazi ya mtu ambaye hajawahi kuitazama Ulaya. Mzee mmoja mwenye nywele nyeupe aliuliza juu ya minazi, na nikasogea ili nisikie. Alimwambia kwamba kabila huhamia milimani, lakini damu inaikumbuka pwani. Yule mzee aliinamisha kichwa kwa heshima, akachukua kikombe kwenye trei yangu.

Picha ya Mama haikutundikwa popote. Niliikuta stoo, imegeuziwa ukuta.

Barua aliniletea wiki iliyofuata, bahasha ikiwa wazi, ili nijionee alivyonisifu. Ilikuwa kurasa mbili. Alisema nina kipaji cha asili. Alisema niko safi, isipokuwa kwa tukio moja la bahati mbaya ambalo limerekebishwa. Halafu kulikuwa na sentensi moja ambayo nimeibeba kichwani miaka ishirini: alimwomba mwalimu yule, kama rafiki, ahakikishe kwamba sionyeshwi picha za Ulaya wala vitabu vyake, bali niachwe nichore kwa kumbukumbu ya kabila langu tu.

Niliisoma mara tatu, kwa utaratibu, kama nilivyosoma kila kitu. Nilikuwa natafuta kwenda mahali penye vitabu, na barua iliyonifungulia mlango iliagiza kabati la vitabu lifungwe.

Jumapili nilipanda Mau Narok. Mama alikuwa mlangoni akimenya viazi. Nilimtafsiria barua yote.

"Kwa hiyo unakwenda," alisema.

"Kuna sentensi moja, Mama."

"Sentensi moja. Nenda, halafu usome kwa kujificha."

Nilimwambia nitakwenda kumwomba memsaab aiondoe. Alirudia kumenya. Nilipoondoka aliniita mara moja tu, kwa jina, bila kuongeza kitu.

Nilikuwa nimelibeba lile kopo. Siwezi kudai kwamba nililibeba kwa bahati. Memsaab alinipokea verandani, akiwa na furaha, akafikiri nimekuja kushukuru. Nilishukuru. Kisha nikamwomba, kwa Kiingereza changu bora kabisa, nilichokuwa nimekifanyia mazoezi njia nzima, aifute sentensi ile.

"Hapana," alisema. "Hii ndio barua yenyewe. Hii nalinda wewe."

Nikauliza ni nani alimlinda yeye alipochora ngano yake. Nikauliza wale Wafaransa walilindwa na nani dhidi ya vinyago vyetu. Nilimtajia ukurasa. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza alinijibu kwa lugha niliyomsemesha. Alisema Ulaya ni watu wazima, wanaweza kula kila kitu, na sisi bado. Alilisema kwa upole. Nadhani angelisema kwa ukali ningenyamaza.

Niliweka kopo mezani, kifuniko juu.

Alikitazama. Mpiga ngoma, vibanda, minazi miwili, mwezi mwekundu. Maandishi ya kiwanda yalikuwa ukingoni, madogo, lakini yalisomeka. Upepo wa Mau ulikuwa ukivuma, na mpishi wake alikuwa amesimama mlangoni na birika, asijue kama aje au arudi.

"Wewe nadanganya mimi," alisema mwishowe, kwa Kiswahili chake tena.

Ilikuwa kweli. Nilimdanganya, na sijawahi kulikana hilo. Picha iliyotoka Ulaya aliiita ya Kiafrika tupu, na picha ya mama yangu, niliyoichora nikimtazama kwa macho yangu, aliiita ya wizi, lakini uongo ulikuwa wangu mimi, na yeye aliumia kwa haki. Alinyoosha mkono. Nilidhani ataka kopo. Alitaka barua. Nilimpa, kwa sababu ilikuwa imeandikwa na yeye, na ndivyo nilivyolelewa. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sweta, akaingia ndani. Mpishi alinitazama kama mtu anayetazama ajali.

Maneno ya jikoni huenda haraka kuliko miguu. Nilipofika kwa Mama alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa palepale mlangoni, na sufuria ya viazi ilikuwa imefika nusu. Nilianza kumweleza juu ya vinyago na picha za Wajapani na yale maneno ya watu wazima, nikiwa na hasira kiasi kwamba nilikuwa nachanganya lugha tatu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Hukukosea," alisema. "Lakini ulihitaji kumwambia leo?"

Alichukua kiazi kingine, akakitoa macho ya kuchipukia kwa ncha ya kisu, moja moja.

"Na huko ungesoma miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne," alisema, akakitia kiazi majini.